Kabichi ya Chini ya Kitanda

Kila alfajiri, akishasali na kukunja msala, Ikram alipiga magoti kando ya kitanda na kuvuta beseni la bluu. Ndani ya beseni lilikaa kopo kubwa la plastiki lililowahi kuwa la siagi ya karanga. Alilegeza kifuniko, nalo kopo likapiga mluzi mwembamba, psss, kama mtu mwenye adabu anayepumua baada ya kushiba. Alishindilia kabichi kwa mwiko, akaonja kidogo, akafunga, akalisukuma beseni gizani, kisha akaenda kujiandaa kwa kazi yake ya ofisini Mtumba.

Asubuhi ya Alhamisi ile, kopo halikupiga mluzi.

Ikram alizungusha kifuniko mpaka mwisho. Kimya. Alilipeleka kopo dirishani. Kabichi ambayo jana ililifika kopo shingoni, leo ilikuwa imeshuka mabegani. Tena juu ya ule mchuzi mwekundu palielea kitu cheupe, kidogo kama jino la mtoto. Alikitoa kwa ncha ya mwiko, akakiminya, akakinusa.

Ugali.

"Sawa," alinong'ona. "Kumbe mwizi wangu anatoweza."

Kabichi yenyewe alijifunza kuila Busan, huko Korea, alikokwenda miaka miwili kusomea sayansi ya chakula. Miezi ya mwanzo aliikimbia. Alikuwa akilala akiota mlenda wa kwao Dodoma na ugali wa uwele, na siku moja alilia mbele ya watu kwa sababu tu alikuta kokwa moja ya ubuyu kwenye mfuko wa koti. Kilichombadilisha ni bibi mmoja mwenye kibanda cha supu karibu na bweni. Lugha hawakuwa nayo. Bibi yule alichoweza ni kumtazama Ikram anavyokondeana, kutikisa kichwa, na kumwongezea kimchi, ndiyo kabichi hiyo ya kuchachuka, kila kisahani kilipobaki kitupu. Alimwongezea bila kuulizwa mpaka siku moja ulimi wa Ikram ukasalimu amri.

Basi akarudi nyumbani na balaa la walioonja sehemu mbili. Kule aliulilia mlenda. Huku, mlenda ukiwa mbele yake, roho inataka kimchi. Akatafuta kabichi ya sokoni Majengo, pilipili, tangawizi, kitunguu saumu, na dagaa wa kusaga badala ya ule mchuzi wa samaki wa Wakorea usio na jina la Kiswahili. Akashindilia kwenye kopo, akaficha.

Ukificha kitu chenye harufu kwenye nyumba ya bibi yake, Bibi Sikuzani, umejidanganya mwenyewe.

"Kuna kitu kimekufa humu," Bibi alitangaza siku ya nne, pua juu. "Na kimekufa kwa uchungu."

Aliitwa Kefa, seremala wa nyumba ya pili, akapandishwa darini kumtafuta panya. Babu Abdulrazaki alisimama chini na tochi, akitoa amri kama nahodha. Kefa alishuka na utando wa buibui kichwani na soksi moja ya Babu iliyopotea tangu Ramadhani, lakini panya hakumwona. Ikram, aliyekuwa mwenye haya tangu utoto, akaona jirani wa watu atavunjika shingo kwa ajili ya kabichi. Akaenda chumbani, akarudi na kopo, uso umemwiva.

Bibi alichungulia, akarudi nyuma hatua, akaziba pua kwa ncha ya kanga.

"Hii ndiyo elimu uliyoifuata, mke mwenza? Kuozesha mboga?"

"Haijaoza, Bibi. Imechachuka."

"Na soksi ya mume wetu nayo imechachuka?"

Ndivyo walivyoongea. Tangu Ikram ana meno ya maziwa, Bibi alimwita mke mwenza, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake na nyumba haiwezi kuwa na wake wawili wasiochokozana. Naye Ikram alimwamkia, "Shikamoo, mke mkubwa." Mama yake, Shamila, alikuwa mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa na alikuja Jumapili hadi Jumapili, aliyemlea ni Bibi, na alimlea kwa utani kama wengine wanavyolea kwa fimbo. Jina lake la Ikram Bibi alilitunza kama vyombo vya wageni. Alilitoa kabatini siku ya msiba wa baba yake, na siku ile malaria ilipompanda kichwani. Basi.

Hukumu ya kopo ikatolewa: litaishi chini ya kitanda, na lisikanyage jikoni.

Wiki moja baadaye ndipo ilipokuja habari kutoka Busan. Chuo kilimtaka tena. Miaka mitatu, masomo na kazi pamoja, jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ikram aliizungusha habari hiyo mdomoni siku nzima, na jioni, mkekani, akaitema mbele ya sinia.

Bibi hakuinua macho. Alimega ugali, akaufinyanga taratibu kuliko kawaida.

"Miaka mitatu? Alhamdulillahi. Nenda, mke mwenza, nenda zako. Niachie mume wangu na mimi nipumue. Tena uondoke na kopo lako."

Babu alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Ikram naye akacheka, maana utani una sheria zake: ukipigwa nao, unacheka. Lakini alipofika chumbani alikaa kitandani kwa muda mrefu bila kuvua hata hereni. Hakuna aliyemwambia baki. Hakuna aliyemwambia nenda, kwenda kwa kweli. Kumuuliza Bibi, "Je, unanitaka hapa?" hakuweza, maneno ya namna hiyo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akaamua kungoja. Kama mtu mmoja tu katika nyumba ile angesema neno moja lisilo na mzaha, angejua la kujibu.

Neno halikuja. Kilichokuja ni chakula. Leo mlenda, kesho kashata za nazi, keshokutwa ubuyu wa sukari wa kujaza bakuli, halafu ugali wa uwele na maziwa ya mgando. Ikram alikula huku moyo ukizama. Akajisemea, ananinenepesha kama mbuzi wa safari. Ananiaga.

Na sasa, juu ya hayo, mwizi.

Asubuhi hiyo hiyo ya Alhamisi, kwenye chai, alirusha ndoano.

"Babu, hivi wewe unapenda vitu vichachu, eh? Ukwaju, achari..."

"Napenda sana."

"Na kabichi?"

Babu akafungua mdomo, akamwonyesha meno yake yaliyosalia. "Nihesabie, mke wangu. Kabichi ya kutafuna nitaipeleka wapi?"

"Labda ni yule panya," Bibi akadakia. "Amerudi na ukoo wake." Kisha akapatwa na kwikwi, akainuka haraka kwenda kunywa maji.

Ikram hakuitilia maanani ile kwikwi. Macho yake yalikuwa kwa Babu, ambaye, bila meno au akiwa nayo, alishawahi kukutwa mkono ndani ya debe la karanga hadi kiwiko.

Ijumaa jioni akatwanga pilipili kichaa. Hakutwanga moja wala mbili. Alitwanga mpaka macho yakamchuruzika, akaitandaza juu ya kabichi safu nzima, akaichanganya na mchuzi isijulikane. Kwa mtu mpole kama yeye lilikuwa tendo la kikatili, na lilimpa raha ambayo hakuitarajia. Za mwizi arobaini, ila huyu Ikram aliona ampunguzie.

Jumamosi akajitanda, akabeba kikapu, akaaga kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Naenda sokoni! Nitachelewa!"

Akazunguka nyumba, akajibanza nyuma ya tangi la maji, chini ya dirisha lake mwenyewe. Upepo wa Julai ulikuwa ukipeperusha vumbi na kumkata masikio. Alisikia mlango wa chumba ukilia. Beseni likakwaruza sakafu. Kifuniko. Psss. Kisha kimya cha mtu anayetafuna kwa makini.

Kisha: "Uwiii! Uwi! Mama yangu nakufa!"

Ikram akakimbia ndani huku akicheka, tayari na sentensi yake: "Babu, leo nimekunasa." Akasukuma mlango.

Babu hakuwemo.

Bibi Sikuzani alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kopo katikati ya magoti, donge la ugali wa kiporo mkononi. Machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, ulimi nje, na mkono wa pili ukijipepea kwa ncha ya kanga.

"Umeniua, mke mwenza! Umenitilia sumu, unirithi mume!"

"Bibi! Ni wewe?"

"Usiniulize maswali! Nipe maziwa!"

Ikram alikimbilia jikoni. Alifungua kabati la wavu, maziwa hakuyaona. Akainama chini ya meza ambako Bibi huweka mtungi wa mgando. Mitungi ilikuwa miwili. Akafunua wa kwanza uliofunikwa kwa kipande cha kanga, akabaki ameinama.

Ndani kulikuwa na kabichi. Nyekundu, imekatwakatwa, imeshindiliwa. Lakini ilikuwa imelegea yote, inateleza, inavutika kwa nyuzi kama mlenda uliosahaulika jikoni. Haikunuka uchachu. Ilinuka kitu kingine alichokijua tangu utoto.

Akachota mgando kwenye mtungi wa pili, akapeleka kikombe, akangoja Bibi amalize. Halafu akamletea na ule mtungi, akauweka sakafuni kando ya kopo.

Bibi akautazama kama mtu anayetazama mtoto wake aliyefeli.

"Umeutia magadi," Ikram akasema.

"Sasa nisitie magadi? Mlenda magadi. Kisamvu magadi. Maharage magumu magadi. Kitu gani kibichi kinalainika bila magadi? Nikasema hao Wakorea nao wana yao, ila wewe umenificha."

"Hawana. Magadi yanaua uchachu, Bibi. Ukiyatia, haichachuki hata ukae nayo mwaka."

"Ahaa!" Bibi akajipiga paja. "Ndiyo maana! Naonja lako, linachachuka. Narudi kwangu, linateleza. Naonja lako tena, nasema labda sikuonja vizuri. Nimemaliza kabichi mbili za watu na hasira juu."

"Kwa hiyo ulikuwa ukiiba ili ulinganishe."

"Mara ya kwanza. Baadaye..." Bibi akalitazama kopo, akajifuta machozi. "Baadaye na ugali wa kiporo, usiambie mtu, ni kitamu. Baada ya kusema yote yale, na Kefa nikampandisha darini, ningekuja kukuomba kwa uso gani?"

Ikram akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Akajikuta anacheka, na Bibi naye, mabega yanagongana. Kicheko kikaisha. Swali likabaki, na safari hii, kwa sababu pilipili ilishamvunja haya kidogo, halikumkwama.

"Lakini ulikuwa unaitengeneza ya nini?"

"Nilitaka nifungue genge. Niuze kwa wasomi wenzako wa Mtumba, waozeshe matumbo."

Ilikuwa zamu ya Ikram kucheka. Hakucheka. Alimtazama tu.

"Basi nilitaka nikuaibishe," Bibi akasema. "Nipike kuzidi wewe, mume wetu aone nani mke."

Ikram hakucheka tena. Katika maisha yao yote hakuwahi kuuacha utani wa Bibi uanguke chini hivi, bila mtu wa kuudaka. Ulianguka, wakausikia wote wawili. Nje Babu alikuwa akikohoa na kuuliza nani amekufa.

Bibi akachukua ncha ya kanga, akaikunja, akaikunjua. Alionekana mdogo ghafla, na midomo yake bado ilikuwa nyekundu kwa pilipili.

"Nilikuona unavyopiga magoti kila alfajiri kulitazama hilo kopo," akasema polepole. "Nikasema, kumbe kilichomwita ni hiki. Mlenda nimempikia, ubuyu nimempikia, na bado kila asubuhi anapiga magoti. Nikasema nikijua kukitengeneza, kikiwa kimejaa humu jikoni, mtungi baada ya mtungi, hatakuwa na cha kukifuata huko."

"Mbona uliniambia niende? Ulisema nikuache upumue."

"Nilisema."

Bibi akalisukuma kopo pembeni, akausukuma mtungi pembeni, pasibaki kitu kati yao, akamgeukia.

"Ikram," akasema. "Ukienda nitakuombea dua, na mlenda wa unga nitakufungia, na Kefa atakupigilia sanduku. Lakini usije ukasema hukuambiwa. Mimi sitaki uende."