Kuku Aliyeloweshwa

Maudie, Maudie, Maudie! Tangu theluji iyeyuke huku milimani Kentucky, Clete hakumeza tonge la mkate wa mahindi bila kumtaja yule mjane wa ng'ambo ya kijito. Arvella, mkewe wa ndoa, alikuwa amechoka kwa wivu.

Maudie alijua misemo yote ya kale ya hasira na ilikotoka. Kwake kila hasira ilikuwa na ukoo.

"Unajua kwa nini wazee husema mtu manyoya ya shingo yamemsimama?" Clete aliuliza asubuhi hiyo. "Maudie anasema ni jogoo wa kupiganishwa. Kabla hajaruka, shingo yote inavimba."

"Yangu imeshavimba. Endelea tu."

"Na kukasirika kama kuku aliyeloweshwa..."

"Hiyo naijua! Sikuzaliwa jana."

Nani asiyeijua? Kuku wake wa madoa alikuwa akiatamia kiota kitupu tena. Jogoo wao kaliwa na mbweha, na kuku anayeatamia bure hatagi. Dawa yake huku ni moja: unamzamisha kwenye pipa la maji baridi mpaka joto la tumboni limtoke, asahau vifaranga. Hutoka humo amefura, hasogeleki. Kazi hiyo Arvella alimwachia Clete siku zote, yeye akajifungia ndani. Wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Clete alichukua kikapu. "Nafika kwa Maudie mara moja. Huyo kuku mwache, nitarudi."

"Nenda! Ana watoto tele yule, ukamlelee!"

Mume alipotoweka, Arvella alimvuta kuku kiotani akamtumbukiza pipani. "Toka! Unakalia nini wewe? Huna kitu!" Akamzamisha tena na tena, machozi yakimtoka. Kisha akashuka mbio kijitoni kwenda kuwafumania.

Aliwakuta barazani. Akajibanza nyuma ya rundo la kuni.

"Chukua haya, bado yana joto," Maudie alikuwa akisema. "Jogoo wangu si mvivu. Yataanguliwa yote."

"Safari hii simloweshi," Clete alisema. "Arvella akimsikia yule kuku analia majini, hali chakula siku nzima. Acha wapate vifaranga, yeye na kuku wake."

"Umemwambia?"

"Nimwambieje? Nikikutaja tu, manyoya yanasimama."

Wakacheka. Arvella alikuwa ameshageuka, anapanda mlima mbio, sketi kaishika mkononi.

Kuku alikuwa uani, kalowa chepechepe, akidonoa changarawe. Akambeba hadi kiotani. Kuku akaruka chini. Akamrudisha. "Kaa, mama. Kaa kidogo tu, nakuomba." Kuku akaruka tena, akaenda zake.

Clete akatokea na kikapu kifuani, kakifunika kwa koti lake mayai yasipoe. Alikuwa akitabasamu kama mtoto.

"Haya," akasema, "yuko wapi mama vifaranga?"