Siyo Uzee

Bi Zubeda alikuwa na ulimi mkali na kumbukumbu ya ajabu. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimwendea kuuliza nani alimuoa nani, nani kazikwa wapi. Kwa hiyo Adija, bintiye, alishtuka asubuhi ile mamake alipomimina chai kwenye sinia la mchele, kisha akamwita kwa jina la bintiye mwingine, marehemu.

"Lubna, baba yako amerudi. Mufungulie mulango."

"Mama, ni mi Adija. Baba alishakufa."

Idi, kaka yake, alikuwa akivaa ovaroli kwenda gereji. "Ni uzee," alisema. "Usimutese na maswali. Muache apumuzike."

Adija alimgusa mamake paji la uso. Halikuwa na joto. Wala hakukohoa. Akaridhika nusu nusu. Kesho yake Bi Zubeda alikataa uji, akabaki kuzungumza na ukuta, na alipojikojolea, Adija akamkaripia kama mtoto.

Alipomvua nguo amwogeshe ndipo alipoona. Mbavu zilikuwa zikibonyea kwa kila pumzi, haraka haraka, kama za kuku aliyekimbizwa, na midomo ilikuwa imegeuka zambarau. Akamfunga kitenge, akatoka barabarani kupigia teksi kelele.

Hospitalini, daktari Daphrose alimsikiliza mgongoni, akarudia palepale. "Ni nimonia. Pafu la kulia limejaa, la kushoto limeanza."

"Lakini hajakohoa hata kidogo!"

"Wazee wengine hawakohoi, wala mwili hauchemki. Akili ndiyo hutangulia kupotea. Mungemuleta jana..."

Wakamwekea oksijeni na dawa ya mshipani. Alasiri Bi Zubeda alifumbua macho.

"Adija," aliita, sauti chini ya barakoa. "Unalia nini? Nani amekufa?"

"Apana mutu, mama."

"Basi nyamaza."

Hakusema tena. Magharibi ilimkuta amefunikwa shuka hadi usoni.

Matangani majirani waliingia mmoja mmoja. "Poleni. Alikuwa mzee, Mungu amempumzisha." Idi aliitikia, akashukuru. Adija alimjibu kila aliyempa mkono: "Alikuwa mugonjwa. Siyo uzee, ni mapafu."

Idi akamvuta kando. "Utaacha lini? Watu wanakuangalia."

"Waache waangalie," alisema Adija. "Nao wako na wamama nyumbani."