Njia ya Malale ya Kwenda Ikola

Kikundi cha waendesha baiskeli cha Mpanda kilikuwa na mchora njia mmoja tu, Malale wa Kasekese, na njia zake zilisifiwa na kulaaniwa kwa kiasi kilekile. Alipowapeleka Sitalike walisifu, maana walisimama darajani wakawapiga picha viboko mpaka simu zikaisha chaji. Alipowapitisha kwenye mashamba ya mpunga walirudi na matope hadi kwenye kope, na hapo hakusifiwa na mtu. Lakini njia iliyowatoa watu machozi kabisa ilikuwa ile ya Ikola.

Ukitoka Mpanda kwenda Ikola, milima inakufanyia kazi yake. Unapanda, unashuka, unakula vumbi la malori, unajiuliza nani alikutuma. Halafu ghafla ziwa linatokea chini yako, bluu tupu, na siku ikiwa safi unaona hadi milima ya Kongo ng'ambo. Kutoka hapo barabara inateremka taratibu mpaka ufukweni, kisha inafuata maji, tambarare, upepo mwanana usoni, hadi kijijini. Mtu mwenye akili timamu angeifuata hiyohiyo na kushukuru.

Malale hakuifuata. Pale pale barabara ilipoanza kuwa tamu, yeye alikata kona akaingia kwenye kijia cha mbuzi, akapanda kilima kingine chenye mawe, kisha akateremkia mwaloni, wavuvi wanapotia nanga, kwa nyuma ya kijiji, kama watu waliokuja kuiba mitumbwi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake rasmi, na alikuwa ameshawapitisha wenzake huko mara mbili.

"Ni kwa ajili ya mandhari," alieleza kila alipoulizwa.

"Mandhari gani hayo?" aliuliza Faith, muuguzi, ambaye hakuwa na kawaida ya kumezea jambo. "Mimi nikiwa kwenye kile kilima naona tairi langu la mbele tu."

Mwenyekiti wao, mwalimu Bartolomeo, alimtetea kwanza. Alifundisha jiografia, na mtu wa jiografia hapendi kukiri kwamba kilima hakina maana. Lakini safari ya tatu ilipokaribia alifungua ramani ya setilaiti kwenye simu yake, akaikuza kwa vidole viwili, akaona jinsi njia ya Malale inavyoikwepa barabara kuu kwa kipande kidogo tu, kisha inarudi. Kwenye kipande hicho cha barabara hakukuwa na mto wala shimo wala daraja bovu. Palikuwa na nyumba moja yenye bati jipya, na mbele yake vichanja vya kuanikia dagaa.

"Malale," alisema mwalimu, "hii nyumba ni ya nani?"

Malale alijifanya anakagua breki. Breki zilikuwa nzima.

Ikabidi aseme. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Mama Pudensiana, na mama mkwe kwa Msukuma wa nyumba ya kina Malale si mtu wa kukutana naye hivihivi. Baba yake, aliyeingia Katavi na ng'ombe kutoka kaskazini, alimfundisha mapema kwamba mkwe haangaliwi usoni, hapitwi karibu, hatajwi jina, na ukimwona anakuja njiani unaingia porini mpaka apite. Huo ndio ulikuwa upeo wa heshima. Malale aliifuata heshima hiyo vizuri kuliko alivyofuata kitu kingine chochote maishani, na siku moja aliifuata mpaka akaingia na baiskeli yake kwenye matete ya ziwa.

Bahati yake mbaya ilikuwa kumwoa Tereza, binti wa Kipimbwe, ambaye kwao mkwe anakaribishwa, anakalishwa kwenye kiti na kuulizwa habari za mpunga. Mama Pudensiana alizijua mila za Wasukuma, alikuwa ameishi nao miaka mingi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwona mume wa mwanao akitumbukia kwenye matete kila unapotokea ni kitu kingine. Alianza kuumia, ingawa aliumia kwa kucheka.

"Basi si uende siku ambayo hayupo?" alisema Faith.

"Anaanika dagaa. Yupo kila siku."

"Na wewe unakimbilia nini huko Ikola kila mara, kama hutaki kuonekana?"

Hapo sauti ya Malale ilipungua. Tereza alikuwa amekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo kawaida. Mtoto alizaliwa, arobaini ikapita, mvua zikaanza na kuisha, na yeye hajamwona. Mama mkwe alitoa sharti moja: baba aje mwenyewe kuwachukua mkewe na mtoto, mlangoni, kwa miguu yake, maana mwanawe si gunia la dagaa la kupakiwa kwenye lori. Tereza naye alikuwa upande wa mama yake. Malale alipomwomba picha ya mtoto, alitumiwa picha ya unyayo mmoja. Alipoomba tena, akatumiwa wa pili. Kwa hiyo alikwenda Ikola na kikundi, akasimama juu ya kilima, akaliangalia lile bati kwa mbali, akarudi Mpanda.

Faith, aliyekuwa ameshaandaa maneno, aliyarudisha alikoyatoa.

"Jumamosi tupite chini," alisema mwalimu Bartolomeo. "Tutakuziba. Utakaa katikati yetu."

"Nimevaa hivi?" alisema Malale, akaonyesha kaptula yake ya kuendeshea, nyeusi, iliyobana mapaja yake bila huruma. "Mwalimu, hata ungenizibia na ukuta."

Jumamosi wakapita kilimani tena.

Malale alipanda kwa hasira. Alijichukia kidogo, na mtu anayejichukia anakanyaga pedali vizuri sana. Aliwaacha wenzake wakihema huko chini, akapinda ile kona nyembamba karibu na kilele, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Katikati ya kijia, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mwanamke mnene aliyejifunga kitenge, ametulia na fimbo yake.

Breki zilifanya kazi. Malale aliruka kutoka kwenye siti, akatafuta pori la kuingilia, pori lenyewe hakuna. Akageukia mwamba, ukamrudisha. Akaangalia bonde.

"Huko ni mbali, mkwe," alisema Mama Pudensiana. "Utafika ziwani kabla ya wenzako."

Malale alichuchumaa nyuma ya baiskeli yake na kuinamisha kichwa. Baiskeli ya mashindano haifichi kitu. Ina vyuma viwili na uwazi mwingi, na kwenye uwazi huo wote alikuwemo yeye.

"Mara ya kwanza nilikuona kutoka chini," mama mkwe aliendelea. "Nikasema labda kapotea. Mara ya pili nikasema hapana, hii ndiyo njia yake. Leo Tereza kaniambia mnakuja, nikaona nipande nikungojee. Magoti yangu yamenitukana njia nzima."

Malale hakuwahi kumsemesha mama huyu hata neno moja tangu amwoe mwanawe.

"Sikutaka uje mlangoni ili nikukomoe," alisema mama mkwe, na sasa mzaha ulikuwa umempungua. "Nilitaka nijue kama mjukuu wangu ana baba au ana mwendesha baiskeli. Mtu anayepanda jabali hili mara tatu ili aangalie bati langu, huyo ana shida, lakini ni baba. Basi. Mila yako sitaivunja mimi. Nitakupa mgongo, na wewe utanyanyua kichwa. Tena itanisaidia hata mimi, maana hiyo nguo uliyovaa siwezi kuitazama mara mbili."

Malale akasikia fimbo ikigonga jiwe, na miguu ikijigeuza polepole. Alipohesabu kwamba ameshageuka, akanyanyua kichwa.

Mgongoni mwa mama mkwe wake, ndani ya kitenge kilichofungwa vizuri, mtoto alikuwa macho. Alikuwa amegeuza uso upande, shavu limelala kwenye bega la bibi yake, na alimtazama Malale bila woga wowote na bila haraka ya kumaliza. Malale aliiacha baiskeli ianguke. Alisogea mpaka karibu, karibu kuliko mahali popote alipowahi kuwa na mama huyo, na hakuona tena mgongo ni wa nani. Alifurahi mpaka akaona aibu, na machozi yakamtoka pamoja na jasho, hivyo hakujisumbua kuyatenganisha. Akanyoosha kidole. Mtoto akakikamata.

Huko chini wenzake walikuwa wametokea kwenye kona. Faith alishuka kwenye baiskeli, akaona, akamzuia mwalimu kwa mkono. Wote wakageuka na kuanza kutazama ziwa kwa bidii kubwa.

"Wanasema kafanana na sisi," alisema Mama Pudensiana, uso wake umeelekea kijijini. "Wewe unaonaje?"

Malale alitafuta mtu wa kumjibia, kama mila ilivyotaka, na hakukuwa na mtu.

"Hii pua ni yangu, mama," alisema. "Hayo mengine chukueni."

Mgongo wa mama mkwe ukaanza kutikisika kwa kicheko, na mtoto akatikisika nao, kidole cha baba yake kikiwa bado mkononi.