Waya Mnene

"Waya mwembamba ndio mwepesi, wifi. Gari la mashindano linataka wepesi," dada wa mume wangu aliniambia, huku akikata waya wa spika.

Gari lilikuwa la baba mkwe, gari la rimoti alilolipenda kuliko sisi sote. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hawezi tena kuchomelea, akatangaza kwamba atakayeliwezesha kumaliza mbio atarithi karakana. Mimi nimefanya kazi humo tangu niolewe. Wifi huingia kuazima chaja.

"Betri hii ina nguvu. Huo waya utaungua," nikamwambia. "Chukua huu mnene."

"Kila kitu unajua wewe."

"Cha kuchomelea, ndiyo."

Nilimchukia, wala sifichi. Alichomelea plagi ya betri, lehemu ikakaa mabonge mabonge, kisha akakiona kile kijimpira cha kufunika kiungo kimelala mezani. Lazima kivalishwe kwenye waya kabla ya kuchomelea. Kila fundi amewahi kukisahau. Wifi hukisahau kila mara. Akazungushia selotepu, nami nikacheka kwa sauti.

"Mwache mtoto," baba mkwe akasema. Mtoto mwenyewe ana mvi.

Uwanjani, kwenye majaribio tu, waya ukafuka moshi, lehemu ikayeyuka na plagi ikachomoka. Wifi akanifuata kwenye meza ya mafundi, kiburi kimemwisha.

"Wifi yangu, niokoe."

Nikaweka waya mnene. Nilivalisha kijimpira kwanza, nikachomelea upande mmoja na kuufunika kabla ya kugusa wa pili, maana ncha za betri zikikutana ni moto. Baba mkwe alisimama pale pale akitazama, na mimi mjinga nikadhani anaona.

Gari likamaliza mbio. Mzee akatoa ufunguo wa karakana, akamtia binti yake mkononi.

"Mwanangu ameweza."

"Baba, ameweza nani?" nikauliza.

"Usianze maneno. Wewe utamsaidia, kama kawaida."

Pale mezani, chuma cha kuchomelea kilikuwa bado cha moto. Nikachukua gari, nikachomoa betri, nikaanza kuyeyusha viungo vyangu kimoja kimoja.

"Unafanya nini?" wifi akauliza.

"Nachukua waya wangu."

Nikauzungusha mkononi, nikautia mfukoni, nikamwekea baba mkwe gari lake miguuni.

"Mwenye ufunguo atakuchomelea mwingine," nikamwambia.