Nyota Juu ya Zizi la Gicheru

Lenah Nekoye alizoea kupiga picha za nyota akiwa kwao Kabuchai, ambako giza la nyuma ya nyumba lilikuwa giza kweli. Alipohamishiwa ofisi ya kilimo Kitale, alipanga nyumba yenye uwanja mdogo nyuma, akangoja mvua ziishe. Januari mawingu yalipoondoka, ndipo alipogundua kwamba taa ya jirani, Mzee Gicheru, ilimulika nyua zote mbili. Kila picha ilitoka imepauka kama chai iliyozidishwa maziwa.

Jioni moja akajikaza, akaenda kubisha langoni kwa mzee.

"Mzee, naomba unizimie hiyo taa kidogo tu. Napiga picha za nyota."

Gicheru aliitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwake. "Nyota? Mwaka jana walikuja hapa kukiwa na giza, wakanibebea ng'ombe wawili. Ndio nikaweka hiyo taa. Sasa nizime juu ya nyota?"

Lenah aliona aibu. "Pole sana, mzee. Sikujua." Akageuka aende zake.

"Si ungoje kwanza, bana. Sijakataa. Nitazima, lakini nitakaa hapo na ng'ombe wangu. Na wewe leta mashine yako huku, tulinde pamoja."

Taa ikazimwa. Mwanzoni hawakuona kitu. Macho yalipozoea, nyota zikajitokeza chache, kisha nyingi, hadi Gicheru, aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainua uso. Lenah aliiweka kamera kwenye stendi yake, akaielekeza kwenye kilimia, kile kifungu cha nyota zilizosongamana. Alipomaliza akamwonyesha picha.

"Ati hizi zote ziko hapo juu sahii?"

"Ziko. Kamera inakusanya mwanga pole pole, ndio inaona kutushinda."

Mzee aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Tangu mke wangu, Mama Mwihaki, afariki, nikitoka nje usiku natoka na rungu," alisema. "Natafuta mwizi. Sijawahi kuangalia juu."

Lenah akampa pole. Gicheru akainuka, akajifuta suruali. "Basi nipige na huyu," akasema, akimshika ng'ombe wake shingoni.

"Usitingishike mpaka nikwambie."

Mwanga hafifu wa jikoni uliwafikia pale zizini. Gicheru alisimama wima kama yuko gwarideni, pumzi ameibana. Ng'ombe hakuwa na habari; aligeuka huku, akageuka kule. Picha ilipotoka, mzee alionekana vizuri, nyota zimejaa juu ya kofia yake, na kando yake mnyama wa ajabu.

"Turudie, mzee."

"Wacha hiyo hiyo. Mtumie Mwihaki."

Mwihaki, binti yake, alikuwa ameolewa Myanga, kule Bungoma. Picha ilipomfikia tu, akapiga simu.

"Baba, hiyo ng'ombe ina vichwa vitatu!"

Gicheru alicheka mpaka akakohoa, akampa Lenah simu huku akijipangusa machozi.

"Wewe ndio umepiga?" Mwihaki akauliza. "Wewe ni wa wapi?"

"Kabuchai."

"Kumbe wa huku kwetu! Sikiza, Jumamosi nakuja kumwona baba. Na mimi utanipiga."

"Karibu," Lenah akamjibu. "Lakini uje umejiandaa kusimama bila kutingishika."