Kilomita Ambazo Baba Hakuzihesabu

Tarcis, mkaguzi wa kampuni yetu, alinipigia simu saa tatu na robo asubuhi kuniambia ameshapita Mapinga. Mkaguzi wa bima akishapita Mapinga una nusu saa kabla hajaingia Bagamoyo, pengine pungufu. Mimi nilikuwa gereji kwa Haidar, hapa Dunda, nimesimama mbele ya gari la baba yangu, Noah iliyopondeka pua, na kitambulisho changu cha uwakala wa bima kimenigandia kifuani kwa jasho.

"Dada Ibtihal, sema moja," Haidar alisema. Alikuwa ameshalegeza skrubu za dashibodi. "Nirudishe kilomita nyuma au nisirudishe? Dakika kumi tu. Hata Mjapani aliyeliunda hatajua."

Nilimwambia asubiri. Moyoni nilitaka arudishe, na sitajifanya mtakatifu hapa.

Shida yenyewe ni hii. Kampuni ninayoifanyia kazi hutoza bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa kuangalia gari litatembea kilomita ngapi kwa mwaka. Likitembea kidogo unalipa kidogo, maana gari lililopaki uani haligongani na mtu. Mteja anakadiria, wakala anaandika, na siku ya ajali mkaguzi anakuja kusoma dashibodi. Fomu ya baba ilisema kilomita elfu sita. Miezi kumi na moja baadaye, siku alipokwepa mbuzi kule Lugoba akaingia mtaroni, gari lilikuwa limetembea elfu ishirini na tatu.

Fomu hiyo niliijaza mimi.

Baba yangu, Mzee Mahfoudh, anauza vitambaa tangu sijazaliwa, na Dunda nzima neno lake linatosha bila risiti. Siku ile nilimfuata dukani nikamuuliza anatembea kilomita ngapi kwa mwaka. Akahesabu kwa vidole: nyumbani na dukani, msikitini, kiwanja chetu cha Mapinga kila Jumapili, Kariakoo mara moja kwa mwezi kufuata mzigo. Elfu sita, haizidi.

"Na misiba, baba? Na wagonjwa? Na harusi za watu?"

"Hizo si zangu."

"Kwani gari si lako?"

"Gari langu. Safari nimeshazitoa. Kitu ulichokitoa kwa ajili ya Mungu ukikaa kukihesabu, umekirudisha mfukoni." Akashika tena mkasi wake, mazungumzo yamekwisha.

Mimi kiburi cha watu wakali nakiweza. Kiburi cha watu wapole ndicho kinachonimaliza. Mtaa mzima ulijua kwamba mwenye shida anagonga kwa Mzee Mahfoudh, naye anachukua ufunguo bila kuuliza ni wapi. Ningeweza kumweleza kwamba kampuni inahesabu kila gurudumu linapozunguka, hata likizunguka kwa ajili ya Mungu. Sikumweleza. Ningemweleza, ada ingepanda, naye angesema basi nikatie bima ndogo, na mimi nilikuwa nimebakiza mteja mmoja wa bima kubwa kufikia lengo la mwezi. Nikaandika elfu sita. Penye swali la kama gari hutumika kwa shughuli za watu wengine nikaandika hapana, wala sikumsomea.

"Dada, muda huo unakwenda," Haidar alisema.

Nikafungua mdomo nimwambie arudishe. Bodaboda ikasimama getini, baba akashuka, kanzu yake imepigwa pasi kama mtu anayekwenda Ijumaa.

Aliangalia dashibodi iliyolegea, akaniangalia mimi. "Mnafanya nini?"

"Tunatazama waya, mzee," Haidar alisema, macho chini.

Baba hajui waya, lakini amepima vitambaa miaka arobaini, na mtu anayetaka kupunja anamjua kwa mikono yake. "Kaza skrubu zako, Haidar."

Haidar akakaza. Alikuwa kwenye skrubu ya mwisho Tarcis alipoingia.

Tarcis ni mpole, na upole wake ulinitia hofu zaidi. Alimwamkia baba shikamoo, akaitikiwa marahaba, akampa pole ya ajali, akashukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Kisha akawasha gari kidogo taa za dashibodi zije, akapiga picha. Aliisoma ile namba mara mbili.

"Mzee, hapa pana tofauti ya kilomita elfu kumi na saba."

"Mimi si mwongo," baba alisema.

"Sijasema hivyo, mzee wangu. Lakini nikirudi ofisini na namba hii bila maelezo, wao wataandika kwamba mteja alidanganya, na hutalipwa hata taa. Ikionekana kosa ni la wakala, wewe unalipwa, wakala anafukuzwa." Alisema hayo huku akifuta kioo cha simu yake, bila kunitazama.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria karatasi ambayo ingetembea Dunda nzima ikisema Mahfoudh mwongo, na bado ulimi haukunyanyuka.

Baba akaketi juu ya tairi bovu na kanzu yake nyeupe. Akavuta pumzi.

"Bi Zuwena," alisema. "Figo. Muhimbili kila Jumanne, tangu mwezi wa pili mpaka wa tano. Jumanne ya mwisho tulirudi naye amefunikwa."

Tarcis akaanza kuandika.

"Mwinyijuma, msiba wa kaka yake, Lugoba. Mara saba kwa wiki moja. Watu, maji, masufuria. Mwalimu Gertruda, mama yake, macho, Kibaha. Mara sita. Au saba, andika sita."

Mafundi waliacha kugonga, mmoja baada ya mwingine. Baba aliendelea, jina kwa jina, sauti ikizidi kushuka. Alikuwa anaona aibu kwa mambo ambayo mtu mwingine angeyatangaza kwa kipaza sauti. Nilitaka kumziba mdomo, na nilitaka ardhi inimeze.

"Mke wa Yousuf," akasema. "Gerezani Dar. Kila mwezi, kumtazama mumewe."

Spana ikamponyoka Haidar. Yousuf ndiye aliyevunja duka letu mwaka juzi akazoa majora kumi na mawili ya vitambaa. Mimi nilimlaani mbele ya hakimu. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi, na baba alikuwa akimpakia mkewe kila mwezi asituambie.

Alipomaliza, Tarcis alijumlisha kwenye simu. "Zinafika, mzee. Zinakaribia kabisa." Akatoa fomu. "Limebaki swali moja. Fomu hii ulisomewa yote? Na wakala alijua habari za safari hizi?"

Baba aliniangalia. Uso ule naujua, ni wa mtu anayetaka kutoa kitu kingine tena.

"Nilisomewa yote," alisema. "Binti hakujua. Mimi ndiye nili..."

"Anasema uongo," nilisema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Kwa mara ya kwanza maishani mwake anasema uongo, na ni kwa ajili yangu. Nilijua, Tarcis. Nilimuuliza, akanijibu kwamba hazihesabiwi, nikaandika sita nikijua si sita. Swali la shughuli za watu wengine sikumsomea kabisa. Nilitaka mteja."

"Dada Ibtihal, unajua nitakachokiandika hapa?"

"Najua. Andika."

Akaandika, nikatia saini. Akanyoosha mkono, nami nikavua kitambulisho nikampa. Baba alitia saini yake polepole, akamrudishia kalamu, akamshukuru kwa kutoka mbali. Tarcis alipoondoka tulibaki wawili kando ya gari. Haidar alijifanya ana kazi kwingine.

Nilisubiri anigombeze, nami nilikuwa tayari.

"Ungeniambia kwamba ni lazima wajue," alisema, huku akikung'uta vumbi la tairi kwenye kanzu, "ningekuhesabia wewe peke yako, nyumbani."