Nguruwe wa Bonaventura

Derick alirudi Nyakahura na kompyuta kwapani na uso wa mtu aliyeokota almasi. Ulikuwa utafiti wake wa kwanza tangu atoke chuoni, na alikwisha kutamba kitongojini kwamba ungemfikisha Ulaya.

Clotilda aliketi mbele kabisa ya mkutano wa matokeo ya utafiti, mjukuu wake Ineza kamlalia mapajani. Mtoto alikuwa akiharisha damu. Akipewa dawa anapata nafuu, kisha anaanza upya, na kila akianza anazidi kuisha. Rwekaza, mganga wa zahanati, hakuwa amemficha: "Mama, hapa nabahatisha tu. Dawa nilizonazo mtoto hasikii hata moja." Basi Derick alipopita awali na vikopo akiomba choo kikubwa cha kila kaya, ati apime bakteria wa tumboni aone dawa zipi wamezizoea, Clotilda alijaza cha Ineza siku hiyohiyo.

Wenzake walimwona kichaa. Choo chako umpe mtu baki? Akitaka si atakufunga tumbo nacho mpaka ufe? Lakini kukataa kungeonekana ushamba, na kila kikopo kilikuwa na mche wake wa sabuni wa shukrani. Wakaenda bandani kwa Bonaventura, kwa nguruwe wake anayedungwa dawa kila akikohoa, wakachota. Kaya zote zilizobaki. Derick akapokea kwa glovu na kushukuru.

"Ndugu zangu, matokeo yanatisha," alisema sasa. "Kitongoji kizima mna bakteria wa aina moja, sugu kwa karibu kila dawa! Matumbo kama haya sijayaona kwenye kitabu chochote."

"Hata bandani hujayaona, daktari?" aliuliza Bonaventura.

Watu wakacheka. Derick naye akacheka, hajui anacheka nini.

Clotilda hakucheka. "Na Ineza? Atasikia dawa gani?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Majibu ya mtu mmoja mmoja huwa hatutoi. Halafu yeye... bakteria wake walitofautiana mno na wa wenzake. Nilimwondoa. Alikuwa ananiharibia grafu."

Grafu! Clotilda aliwakumbuka wale wa kwanza. Enzi za kambi za wakimbizi za Lukole, akiwa ameolewa Ngara, wageni walikuja na magari meupe, wakachukua choo cha mwanawe Ciza, wakasema majibu yanakuja. Ciza alizikwa. Majibu mpaka leo yanakuja. Angalau wale walikuwa wageni. Huyu ni mtoto wa nchi hii, kasomeshwa kwa kahawa yao, karudi kuwachota vilevile.

Akasimama, mtoto begani, akamgeukia Derick.

"Mjukuu wangu, andika na hili. Hao wengine wote ni nguruwe wa Bonaventura. Uliyemtupa ndiye mtu."

Derick aliwatazama mmoja mmoja, akingoja hata mmoja akanushe.

"Ni mmoja tu, daktari," Bonaventura akamtuliza. "Na hajambo, ameongezeka uzito."

Mkutano ulivunjika mbavu.

"Mmenimaliza," Derick alinong'ona. "Muhtasari nimeshautuma Ulaya."

"Utatuma mwingine. Fungua hiyo kompyuta."

"Bibi, utaratibu hauruhusu..."

"Na nguruwe utaratibu ulimruhusu?"

Akafungua. Vidole vilevile vilivyomfuta Ineza vikaanza kumtafuta. Alipompata, alimwita Rwekaza pembeni, akamsomea dawa zilizogoma, orodha ndefu kama litania ya watakatifu, kisha moja ambayo haikugoma.

"Hiyo hapa sina," Rwekaza alisema. "Biharamulo mjini ipo."

Clotilda hakusubiri kukaribishwa. Alifungua mlango wa gari la utafiti, akavisukuma vikopo vitupu kwa mguu, akakaa kiti cha mbele na Ineza. Rwekaza akapanda nyuma. Derick akashika usukani.

Walipoingia barabara kuu, akamgeukia Clotilda. "Bibi, nakuomba sana. Hili la nguruwe lisifike chuoni."

"Endesha," Clotilda alisema. "Mtoto akipona, tutaongea."